Je, Wajua? Treni Yaingia Kaaga

Je, wajua kwamba treni inaweza kufika Kaaga, Meru, wiki hii, ingawa reli imeishia Nanyuki tangu 1930? Inataka meza tu! Wapenzi wa reli ndogo za mfano hujenga stesheni, kilima na soko zima mezani, na utamu wenyewe uko kwenye vitu vidogo vya kando ya reli.

Sogea nikuonyeshe. Kipimo kinachopendwa zaidi duniani ni 1 kwa 87, yaani kila kitu hupunguzwa mara 87. Mama wa sokoni mwenye kimo cha sentimita 174 anabaki na sentimita 2 kamili! Matatu ya abiria 14 yafikia kama sentimita 6. Kibunda cha miraa cha sentimita 40, pamoja na jani lake la mgomba, hakifiki hata milimita 5.

Sasa tazama bati la paa lako. Kutoka wimbi moja hadi jingine ni milimita 76. Mezani hapo ni chini ya milimita 1! Wenye mikono mitulivu hukandamiza karatasi ya alumini juu ya kitu chenye mistari, wakapata bati, kisha wakalitia kutu kwa rangi ya kahawia. Ndiyo, kutu hupakwa makusudi! Bila kutu hakuna anayeamini kwamba mvua imewahi kunyesha hapo.

Je, wajua kwamba majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, yakikaushwa, huwa majani makavu chini ya miti? Machicha ya kahawa nayo huwa udongo. Umesikia, mtu wa Meru? Chai na kahawa zote zaota kwenu! Vumbi la mbao kutoka kwa seremala, likitiwa rangi ya kijani, limekuwa nyasi za mezani kwa miongo mingi.

Nyasi za siku hizi ni maajabu zaidi: nyuzi za nailoni za milimita 2 husimamishwa wima juu ya gundi kwa nguvu ya umeme tuli. Milimita 2 hizo ni nyasi za sentimita 17, zinamfaa mbuzi kabisa.

Ukitaka Mlima Kenya kwa kipimo hicho hicho, tafuta nafasi! Mita 5,199 zinabaki karibu mita 60, jengo la ghorofa kama 20.

Na shika hili: reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyofika ziwani 1901, ni kilomita zipatazo 930. Igawe kwa 87, upate kama kilomita 11. Miniatur Wunderland ya Hamburg, Ujerumani, iliyofunguliwa 2001, ina zaidi ya kilomita 15 za reli ndogo! Watu wake wadogo wamepita robo milioni.

Je, wajua kwamba injini ya mvuke 5901 ya Reli za Afrika Mashariki iliitwa Mount Kenya? Kundi lake lilikuwa na injini 34, zote zenye majina ya milima, kila moja yenye uzito wa tani zipatazo 250. Reli ya upana wa mita moja haijapata kubeba injini za mvuke kubwa kuliko hizo popote duniani! Dada zake wawili, 5918 na 5930, wako Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Mezani, injini kama hiyo haifiki sentimita 37.

Mwimbaji Rod Stewart alijenga mji wake wa reli kwa miaka 23. John Allen wa Marekani aliweka dinosau wa kuvuta mabehewa stesheni! Na mwaka 1972 kampuni ya Märklin ilileta kipimo cha 1 kwa 220, ambapo mtu mzima analingana na punje ya mchele.

Wewe wa Kaaga una bahati nyingine: ikweta iko jirani. Machi na Septemba jua la adhuhuri husimama utosini, na vivuli vikajificha miguuni. Basi taa yako itundike juu kabisa ya meza, nayo itakuwa adhuhuri ya Meru hasa.

Na leo jioni, majani ya chai yakishachujwa, usiyamwage. Yaanike!