Bridgerton: Lilia Michael Wako, Lakini Wacha Kumrukia Masali Baduza

Kama hujamaliza msimu wa 3 wa Bridgerton, toka hapa pole pole, juu stori yote iko kwa dakika za mwisho kabisa.

Francesca ameolewa na John Stirling. Wanajipanga kuhamia Uskoti, halafu John anamtambulisha kwa binamu yake, Michaela. Francesca anafungua mdomo ajitambulishe na jina linamkwama. Jina lake mwenyewe, manze! Ukiona mtu amefika hapo, unajua kimeumana.

Kama ulicheki tu kwa Netflix, pengine uliona ni scene tamu ukaendelea na maisha. Lakini kama uko na rafiki amesoma vile vitabu vya Julia Quinn, unajua hiyo wiki ya Juni 2024 hakukuwa na amani. Wacha nikueleze kwa nini, juu hii bifu huchanganywa vibaya.

Kwa kitabu, Michaela hayuko. Kuna Michael. When He Was Wicked kilitoka 2004, na huyo jamaa ni mchezaji wa mademu anayemwangukia Francesca siku chache kabla aolewe na John. Hasemi kitu. Anakaa na hiyo siri miaka, anakula chakula mezani kwao, anacheka na binamu yake kama hakuna noma. John anakufa, Michael anarithi cheo chake, halafu anatorokea India juu hawezi kuvumilia kuwa karibu na mjane anayempenda. Francesca naye anatamani mtoto, na haiji rahisi. Kuna wasomaji waliojiona kwa hiyo sehemu kuliko kwa kitabu kingine chochote cha hiyo familia.

Sasa fikiria umengojea huyo Michael akuje kwa TV, umeshachagua hadi sura yake kichwani, halafu anakuja mtu mwingine. Walihisi wamekulwa fare. Na siwalaumu. Ni kama ungetoka kazini ukimbie nyumbani kuona Maria, halafu upate Luwi ameandikwa upya akawa mtu tofauti kabisa, na Brian Ogana haonekani popote.

Lakini ukichunguza, malalamishi yenyewe si moja.

Kuna ya kubadilisha mwigizaji, na hiyo ni nyepesi. Francesca mwenyewe alibadilishwa. Misimu miwili ya kwanza alikuwa Ruby Stokes, akaenda kuigiza Lockwood & Co., na Hannah Dodd akachukua nafasi. Watu walinung'unika kidogo wakazoea. Hata Regé-Jean Page alipoondoka baada ya msimu mmoja tu, tulilia 2021 yote, halafu Machi 2022 Jonathan Bailey na Simone Ashley wakaingia na ile kemistri ya kuchukiana, na ghafla hakuna aliyekumbuka Duke.

Halafu kuna ya rangi. Hii, buda, wacha tu. Bridgerton tangu mwanzo, Desemba 2020, ilituambia hii ni Uingereza ya kuwaziwa. Queen Charlotte ni Golda Rosheuvel, Lady Danbury ni Adjoa Andoh. Kate wa kitabu alikuwa Sheffield, wakamfanya Sharma juu Simone Ashley ana asili ya Kihindi. Sophie wa msimu wa 4 alikuwa Beckett, akawa Baek juu Yerin Ha ana asili ya Korea. Na huyo John wa Francesca ni Victor Alli, msee mweusi. Sasa binamu yake ulitarajia awe nani?

Ya tatu ni kwamba ni mwanamke. Huku kwetu hatuhitaji kuzunguka, tunajua hiyo mada inavyowasha watu. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku hapa 2018, korti ikairuhusu kwa siku saba, na watu wakajaza majumba ya sinema Nairobi. Kwa hivyo kuna mtu shida yake na Michaela haihusiani na kitabu hata kidogo, na hajawahi kukifungua. Asijifiche nyuma ya Michael.

Ukitoa hizo, inabaki ile yenye maana, na hiyo ni ya uandishi. Kwa kitabu ni Michael anayechizi kwanza. Francesca anampenda John kwa roho safi, na ndio maana kifo chake kinauma, na ndio maana kupenda tena kunamtesa: anahisi anamsaliti marehemu. Kwa TV wamegeuza. Msimu mzima tulionyeshwa Francesca na John wakipendana kimya kimya, watu wawili wanaofurahia kukaa tu bila kuongea, na mamake Violet akishangaa kama huo ni upendo kweli. Sisi tukawatetea! Halafu wamemaliza harusi tu, na huyu dem anachanganyikiwa mbele ya binamu. Kwani John alikuwa wa kupitisha wakati? Mimi hapo nilikasirika kidogo, na nadhani ukikasirika pia uko sawa.

Hiyo scene ingeweza kugeuzwa upande wa pili bila kubadilisha mwigizaji hata mmoja. Michaela angekwama kwa maneno, Francesca angetabasamu bila kujua lolote, na hadithi ya kitabu ingebaki na uti wake wa mgongo, mwanamke kwa mwanamke. Hata ile hamu ya mtoto haihitaji Michael ndio iwepo.

Kwa hivyo unamuuliza nani? Unauliza Jess Brownell, aliyeshika usukani wa uandishi kuanzia msimu wa 3. Unaweza kumuuliza hata Julia Quinn, ambaye alisema wazi haikuwa rahisi kukubali hayo mabadiliko, ikabidi waongee zaidi kabla aseme ndio. Hao ndio walikaa mezani.

Masali Baduza hakukaa hapo. Ni msichana kutoka Afrika Kusini aliyepata mboka kubwa, akapewa mistari michache mwisho wa msimu, na kesho yake watu wasiomjua wakaanza kumtolea hasira za kitabu cha miaka 20. Kwa hizo sekunde huwezi kujua anaweza ama hawezi. Ukitaka kujua, tafuta Noughts + Crosses, ile ya BBC ya 2020 ambapo Afrika ndiyo ilitawala Uingereza. Yeye ni Sephy, binti wa mkubwa serikalini anayempenda kijana mzungu asiyeruhusiwa kumgusa. Cheki episodi mbili tu.