Theluji ya Novemba Huua Februari

Wengi hudhani poromoko la theluji ni kazi ya dhoruba: theluji imemwagika usiku kucha, mlima umeelemewa, mzigo umeshuka. Hilo hutokea. Lakini huko Colorado, jimbo ambalo kwa miongo mingi limeongoza Marekani kwa vifo vya maporomoko, hatari inayotisha zaidi hulala chini kabisa, katika theluji ya mwanzo wa msimu ambayo hakuna anayeiona tena.

Chanzo ni baridi kali juu ya theluji nyembamba. Ardhi iliyofunikwa hubaki karibu na nyuzijoto sifuri, ilhali usiku usio na mawingu uso wa theluji huweza kushuka hadi 20 chini ya sifuri. Mvuke hupanda kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, na theluji ikiwa haba, tofauti hiyo yote hubanwa katika unene mdogo. Ikizidi takriban nyuzi 1 kwa kila sentimita 10, chembe za theluji hubadilika umbo: huota kona, hukua, hukataa kushikana. Ukizichota zinamwagika kiganjani kama sukari. Kisha Januari inakuja na upepo na theluji mpya, na juu ya chembe hizo hujengeka bamba zito, lililoshikamana, linalovutia kwa skii. Theluji hiyo dhaifu inaweza kukaa hivyo kwa wiki nyingi, hata miezi.

Kinachokosekana ni wa kuichokoza. Katika ajali zinazoua, takriban 9 kati ya 10, poromoko huwa limeanzishwa na mhanga mwenyewe au mwenzake. Uzito wa mtu mmoja huvunja tabaka dhaifu, mpasuko ukakimbia chini ya bamba, na mteremko mzima ukaachia. Pengine mlima hutangulia kuonya: theluji hudidimia ghafla kwa mngurumo mzito chini ya miguu, au ufa huchanika mbele ya skii. Hapo hakuna mjadala. Geuka.

Kituo cha Colorado Avalanche Information Center hutoa utabiri wa hatari kwa ngazi 1 hadi 5, na ngazi inayosomwa vibaya kuliko zote ni ya 3. Kwa kuwa iko katikati, msafiri huiona ya wastani. Sivyo hata kidogo! Hatari haipandi kwa hatua zilizo sawa. Kwenye ngazi ya 3 mtu mmoja tu anaweza kuliachilia poromoko, na hapo ndipo hufa watu wengi.

Kifaa cha mawimbi kifuani, ufito wa kupimia na koleo ni lazima kwa kila mmoja, kwa kuwa aliyefukiwa huokolewa na wenzake waliopo. Akitolewa ndani ya dakika 10 uwezekano wa kupona ni mkubwa; nusu saa ikipita, wengi huwa wameshakosa hewa.

Hata hivyo mimi huanza na pembe. Mabamba mengi huachia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na simu inaweza kuipima. Tembea chini ya nyuzi 30, lakini kwanza tazama kilicho juu yako: pale kwenye tambarare, hatua yako inaweza kuvunja tabaka dhaifu, na mpasuko ukapanda hadi kwenye mteremko mkali uliouepuka.