Zinki kwa watoto njiti: bei iko kwenye mizani

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo alibeba kilo 30 hivi begani. Mzigo huo ungekuwa zinki tupu, ungetosha watoto njiti zaidi ya 330,000 kwa mwezi. Njiti wa kilo 1.5 akipewa miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake, hutumia miligramu 3 kwa siku, yaani 90 kwa siku 30. Watoto 1,000 humaliza gramu 90.

Sehemu kubwa ya akiba ya zinki mtoto huipata tumboni, miezi 3 ya mwisho. Anayezaliwa wiki ya 30 huikosa, na maziwa ya mama peke yake huenda yasizibe pengo. Ndiyo maana mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema zinki inaweza kufikiriwa kwa njiti wanaotumia maziwa ya mama na wasioipata kwingine. Ushauri huo una tahadhari: mapitio ya tafiti ya Cochrane ya 2021 yaliona vifo vikipungua na uzito ukiongezeka, lakini yalikuwa na majaribio 5 tu, watoto 482.

Kidonge cha zinki kilichozoeleka zahanati ni kile cha kutibu kuharisha, miligramu 20. Kikiyeyushwa kwenye mililita 10 za maji safi na salama, njiti wetu anapata mililita 1.5, zinazobaki 8.5 zinamwagwa. Nyumbani vitafunguliwa vidonge 30 kwa mwezi, mtoto anywe vinne na nusu. Tuchukulie kidonge ni shilingi 100: watoto 1,000 ni shilingi 3,000,000, na 2,550,000 kati yake zimemwagwa. Wodini, watoto 6 wa uzito huo wanagawana kidonge kimoja.

Hata hivyo, kwa mtoto mmoja ni shilingi 3,000 tu. Gharama kubwa iko kwingine. Akifika kilo 2, dozi inapanda hadi miligramu 4, na bila kumpima hakuna ajuaye. Mama wa Kaliua aliyeruhusiwa kutoka Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, akirudi Tabora kupima uzito tu, nauli inazidi bei ya dawa ya mwezi.

Kwa hiyo bajeti ianze na mizani ya watoto wachanga katika zahanati ya jirani, sirinji ndogo ya kupimia dawa, na mhudumu anayejua kupanga dozi upya. Vidonge vifuate.