Wingu la Merope na ubishi wa miaka 27

Oktoba 1859, Wilhelm Tempel, Mjerumani aliyeishi kwa kuchapa picha kwa mawe, alisimama juu ya ngazi za mzunguko za jumba la Contarini del Bovolo mjini Venice. Chuo kikuu hakukipitia. Aliielekeza darubini yake ya inchi 4 kwenye kundi la nyota la Kilimia, na kando ya nyota Merope akaona weupe hafifu, akaufananisha na doa la pumzi juu ya kioo.

Ukazuka ubishi. Huyu ameliona wingu. Yule, mwenye darubini kubwa zaidi, haoni kitu. Kumbe ukubwa wenyewe ulikuwa kikwazo. Darubini kubwa huonyesha kipande kidogo tu cha anga, na wingu la Merope ni pana. Likijaa machoni pote, jicho halipati weusi wa kulilinganisha nao. Darubini ndogo ya Tempel ilimwonyesha wingu pamoja na giza linalolizunguka.

Jibu lilitoka Uingereza ya Malkia Victoria, iliyokuwa na wanafalaki wengi wa ridhaa. Kasisi Thomas William Webb aliwatolea kitabu cha mwongozo mwaka huohuo wa 1859. Andrew Ainslie Common, mhandisi wa majitaka, aliipiga picha nebula (wingu la angani) ya Orion akiwa nyumbani kwake Ealing mwaka 1883.

Aliyeukata mzizi wa ubishi alikuwa mkandarasi wa majengo. Isaac Roberts, mzaliwa wa Wales aliyetajirika Liverpool, alimwagiza Howard Grubb wa Dublin amtengenezee darubini ya kioo cha inchi 20. Mwaka 1886, huko Maghull, aliweka bamba la picha ndani yake na kuliacha lipokee mwanga wa Kilimia kwa takriban saa tatu. Jicho haliwezi kulimbikiza mwanga, bamba huweza. Ndugu Paul na Prosper Henry wa Paris walikwisha kunasa wingu la Maia, nyota nyingine ya Kilimia, mwaka 1885, lakini picha ya Roberts ilifichua mengi zaidi: Merope, Alcyone, Maia na Electra, zote zimegubikwa.

Tempel alifariki mwaka 1889, ushahidi ukiwa umeshapatikana. Anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa, kwa sababu aliona kwa jicho la subira kile ambacho wengine walihitaji picha ili wakikubali.

Mwaka 1912, Mmarekani Vesto Slipher alithibitisha kwamba wingu hilo huangaza kwa mwanga wa Merope yenyewe, unaoakisiwa na vumbi.

Mwezi Januari, mnamo saa mbili usiku, Kilimia huwa juu upande wa kaskazini katika anga ya Afrika Mashariki. Mwenye darubini ndogo aende mbali na taa za mji, atumie ukuzaji mdogo, aitafute Merope.