Kizingiti cha kelele chaweza kuficha dalili ya moyo

KUCHUJA kelele katika kipimo cha umeme wa moyo ni kazi yenye hatari mbili. Kelele ikibaki, daktari huweza kuona kasoro isiyokuwapo. Ikichujwa kupita kiasi, dalili ya kweli hutoweka.

Kelele hiyo hutokana, pamoja na mengine, na mtikisiko wa misuli ya mgonjwa. Njia mojawapo ya kuiondoa ni hesabu ya waveleti, inayoigawa rekodi katika vijiwimbi vya urefu mbalimbali. Kila kijiwimbi hupewa namba ya kuonyesha nguvu yake. Namba zilizo chini ya kizingiti hufanywa sifuri, kisha rekodi huundwa upya.

Mwaka 1994, wanatakwimu David Donoho na Iain Johnstone walichapisha kanuni ya kukipata kizingiti hicho: kiwango cha kelele huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha mara mbili ya logi asilia ya idadi ya vipimo. Kwa vipimo 1,024, kizingiti huwa takriban mara 3.72 ya kelele.

Hata hivyo, kanuni hiyo ni kali. Wimbi P, linaloashiria kuamshwa kwa vyumba vya juu vya moyo, ni dogo. Likifutwa, mtu mzima wa afya huweza kudhaniwa kuwa na ugonjwa wa mapigo yasiyo na mpangilio, ambao hulikosesha wimbi hilo.

Kwa sababu hiyo, mara nyingi vijiwimbi vifupi ndivyo huchujwa, na virefu huachwa. Rekodi ghafi nayo haipaswi kutupwa.