KUBADILI MAFUTA YA INJINI NYUMBANI



Mtu akinunua motakaa hujua mara moja kwamba haitakwenda bila petroli, maana petroli ikiisha gari husimama njiani, na mwenyewe hana budi kushuka akasukuma. Lakini mafuta ya injini hayana kelele. Yakichakaa, gari huendelea kwenda leo, na kesho, na mwezi ujao, na mwenyewe husema, “Mbona halina neno?” Hata siku moja injini huanza kugonga kama mtu apigaye hodi mlangoni, na fundi akiifungua huona vyuma vilivyolika. Hapo gharama ya kuitengeneza hukaribia bei ya injini nyingine, na yote kwa sababu ya lita nne za mafuta zilizocheleweshwa.

Kazi ya kubadili mafuta haihitaji karakana. Mtu mwenye subira aweza kuifanya uani kwake kwa muda wa saa moja. Nitatumia mfano wa Toyota Probox, gari wanalolijua wengi wa Kenya na Tanzania kwa kubeba abiria, mboga na magunia. Ile yenye injini ya 1NZ, ambayo ukubwa wake ni lita moja na nusu, huchukua mafuta kadiri ya lita 3.7 pamoja na chujio jipya. Kama gari lako ni la namna nyingine, tazama katika kitabu chake.

Kwanza tufahamu mafuta hufanya nini. Gari likienda kwa mwendo wa kawaida, mtaimbo mkuu wa injini, ambao mafundi huuita krenki, huweza kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa kila sekunde moja. Chuma kikisuguana na chuma kwa kasi hiyo kingeyeyuka upesi. Lakini havigusani, kwa kuwa kati yao pana utando wa mafuta mwembamba kuliko unywele. Tena mafuta huchukua joto na kulipeleka chini, na huchukua masizi ya moto unaowaka ndani ya injini, yasigande juu ya vyuma. Kwa hiyo mafuta yakigeuka meusi si dalili kwamba ni mabaya. Huenda ni dalili kwamba yanafanya kazi yake, na katika injini ya dizeli hugeuka meusi siku chache tu baada ya kutiwa. Kinachoyaharibu ni joto la kila siku, na petroli na mvuke wa maji vinavyopenya kando ya pistoni, na kwisha kwa dawa zilizochanganywa ndani yake kiwandani.

Je, yabadiliwe lini? Watu wengi hufuata kilomita 5,000, na hiyo ni desturi njema kwa mafuta ya kawaida na njia zetu zenye vumbi. Mafuta yaliyotengenezwa kwa ufundi zaidi, yaitwayo sintetiki, huweza kudumu kilomita 10,000 au zaidi, kama kitabu cha gari kikiruhusu. Na gari likikaa bila kwenda mbali, mafuta yabadiliwe angalau mara moja kwa mwaka, maana safari fupi fupi huacha maji ndani ya injini ambayo hayapati joto la kutosha kukauka.

Juu ya kopo utaona maandishi kama 5W-30. Mpango huu wa kupima uzito wa mafuta ulianzishwa mwaka 1911 na chama cha wahandisi wa Marekani kiitwacho SAE. Herufi W ni ya majira ya baridi. Nambari iliyo mbele yake huonyesha jinsi mafuta yanavyotiririka katika baridi, na ile ya mwisho huonyesha uzito wake injini ikiwa imepata moto. Wako watu wasemao kwamba kwa kuwa pwani kuna joto, yafaa kutia mafuta mazito kupita yote. Sikubaliani nao. Mafuta mazito mno huchelewa kufika juu ya injini kila asubuhi, na wakati huo ndio vyuma hulika. Shika nambari za kitabu. Tena nunua kopo lenye lakiri isiyovunjwa, katika duka unalolijua, kwa sababu mafuta ya uongo yapo sokoni, na mafuta machafu yaliyochujwa kwa kitambaa hufanana sana na mapya.

Sasa kazi yenyewe. Washa injini kwa dakika tano, mafuta yapate uvuguvugu na kutiririka vema, kisha izime. Usiifanye kazi hii injini ikiwa imetoka safari ndefu, maana mafuta yatakuchoma mkono. Weka gari mahali tambarare na pagumu, vuta breki ya mkono, na uzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe. Kisha inua mbele kwa jeki.

Hapa nataka msimame nami kidogo. Jeki ni chombo cha kuinulia, si chombo cha kushikilia. Watu wamekufa chini ya magari kwa sababu jeki iliteleza, au iliposhuka yenyewe polepole bila sauti. Kabla ya kuingiza hata bega lako chini, weka stendi za chuma mahali ambapo kitabu kimeonyesha, teremsha gari likae juu yake, kisha lisukume kwa mkono uone kama latikisika. Matofali hayafai, kwa kuwa hupasuka ghafula. Kama huna stendi, usiingie. Mpelekee fundi gari lako, wala usione haya.

Fungua kifuniko cha juu cha kutilia mafuta, hewa ipate njia. Chini ya injini kuna bakuli la chuma, mafundi huliita sampu, na katika bakuli hilo kuna boliti ya kumwagia. Weka karai chini yake, legeza boliti kwa spana, kisha uimalizie kwa vidole huku ukiisukuma ndani, hata ujue kwamba imekwisha. Ndipo uiondoe kwa mara moja. Mafuta yataruka mbali kwanza, na yakipungua yatarudi karibu, kwa hiyo ulisogeze karai.

Yatazame yanapotoka. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Yakimetameta kama yametiwa unga wa fedha, kuna chuma kinacholika. Yakinuka petroli sana, injini haichomi vizuri. Kwa dalili hizo mwone fundi kabla ya kusafiri.

Yakiisha kudondoka, weka washa mpya katika boliti na uianze kwa vidole, wala si kwa spana, maana ikiingia upande itaharibu hesi za sampu. Kaza imara, lakini si kwa kupanda juu ya spana kwa mguu.

Kisha ondoa chujio la zamani, na utazame kama pete yake ya mpira imetoka nalo. Mimi mwenyewe sikutazama mara moja. Pete ya zamani ilibaki imeng’ang’ania injini, nami nikafunga chujio jipya juu yake, pete mbili pamoja. Uani hapakuvuja hata tone. Barabarani, mwendo ulipozidi, mafuta yote yalimwagika kwa dakika chache, na kama si taa nyekundu kuwaka nami nikazima papo hapo, injini ingalikufa. Basi pitisha kidole chako pale chujio linapokaa, upake pete mpya mafuta kidogo, ulifunge hata pete iguse, kisha ulizungushe robo tatu ya mzunguko kwa mkono tu.

Teremsha gari, tia lita tatu na nusu, ngoja kidogo, ndipo upime kwa kijiti na kuongeza kidogo kidogo hata kufika karibu na alama ya juu. Usiipite. Mafuta yakizidi, krenki huyapiga yakawa povu, na povu halilindi chuma. Washa injini, taa nyekundu yenye picha ya birika sharti izimike baada ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini. Ikizimika, chungulia chini kama panavuja, kisha zima, ngoja dakika tano, upime tena. Andika tarehe na kilomita katika karatasi, uibandike ndani ya gari.

Limebaki karai la mafuta machafu. Wengi huyamwaga nyuma ya nyumba, au huyapaka ng’ombe kwa ajili ya kupe, na wengine hata kidonda cha mtoto. Msifanye hivyo. Mafuta yaliyokwisha kutumika yana masizi na sumu zinazopenya ngozini, na kuyagusa sana kwa miaka mingi kwaweza kuleta saratani ya ngozi. Nayo idara ya Marekani ya kulinda mazingira hufundisha kwamba mafuta ya gari moja, yaliyomwagwa mara moja, yaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji safi. Fikirini basi kisima kilicho chini ya mteremko. Yatieni katika dumu lenye kifuniko, myapeleke kwa karakana au kituo cha petroli kinachoyakusanya. Na dumu hilo liandikwe kwa herufi kubwa, liwekwe mbali na jiko, mtoto asije akalidhania la mafuta ya taa.