Albamu huvuka mpaka kirahisi, wasikilizaji wake je?

KAMPALA. Ukitoka katikati ya jiji kwa Barabara ya Ggaba, ukaipita Nsambya, unaingia Kabalagala. Jina hilo ni la kitafunwa pia: ndizi mbivu zilizopondwa, zikachanganywa na unga wa muhogo na kukaangwa kwa mafuta. Lakini wafanyabiashara wengi wanaokuja Kampala kufuata mzigo wanaijua Kabalagala kwa sababu nyingine. Hapa ndipo shughuli za mchana zikiisha, za usiku huanza. Baa zimebanana, migahawa ya Kihabeshi iko jirani na wachoma nyama na wakaanga rolex, na kila spika inashindana na ya mlango wa pili.

Mahali kama hapa husikilizi muziki peke yako. Wimbo ukipigwa, ni wa meza zote. Dereva aliyetoka Mombasa, mwenye duka la Kikuubo na mgeni wa Goma wanaweza kuitikia kiitikio kimoja bila kujuana majina.

Jambo hilo lina historia ndefu katika ukanda wetu. Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili wa Tanga, ilijijengea jina Nairobi katika miaka ya 1970. Super Mazembe na Les Mangelepa walitoka Congo, nao wakapata makao Nairobi. Santuri zao zilisafiri kwa mabasi na malori, zikapigwa katika baa za miji ya mpakani. Soko la pamoja la muziki lilikuwepo miaka mingi kabla ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki kuanza kutumika Julai 1, 2010.

Sasa Kampala imeongeza kitu kingine katika soko hilo. Ni muziki wa majaribio: roki nzito, kelele za mashine na ngoma za asili katika albamu moja. Si muziki utakaousikia katika kila baa ya Kabalagala. Lakini namna ulivyotengenezwa, na namna unavyosikilizwa, inamhusu yeyote anayeishi kwa kuvuka mipaka.

Giza kutoka Nairobi

Mfano wa kwanza ni Duma. Mswahili akisikia jina hilo humfikiria mnyama mwenye mbio. Kumbe limetoka katika Kikuyu, na maana yake ni giza. Kundi hilo lilikuwa la vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja, anayejulikana kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Wote walikuwa wametoka katika bendi za roki nzito za Kenya. Walikuja Kampala mwaka 2019 kurekodi, na albamu yao, iliyoitwa Duma vilevile, ilitoka Agosti 2020. Wimbo mmojawapo unaitwa Uganda With Sam.

Waliotoa albamu hiyo ni Nyege Nyege Tapes, kampuni ya muziki ya hapa Kampala. Jina hilo nalo humfanya Mswahili ainamishe macho, ila kwa Kiganda linatokana na neno linaloeleza hamu ya ghafla ya kucheza ngoma. Kampuni hiyo hiyo mwaka 2017 ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Mburahati, Dar es Salaam, pamoja na Gulu City Anthems ya Otim Alpha, muziki wa harusi wa Waacholi uliohamishiwa kwenye kompyuta. Mwanamuziki wa Nairobi, fundi wa Dar es Salaam na mwimbaji wa Gulu wamepitia mlango mmoja wa Kampala kufikia wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Kwa lugha ya biashara, hiyo ni bohari ya kanda.

Ukisikiliza Duma kwa spika ya simu, unaweza kuzima kabla ya dakika ya pili. Kuna mayowe, ngoma za mashine zinazokwenda mbio kupita miguu ya mtu, na mngurumo usio na kiitikio cha kushika. Muziki huu unataka spika kubwa na watu wengi. Mngurumo ukiingia kifuani, na ukaona aliye kando yako naye umemwingia, unaanza kuuelewa. Ni kama kitenge kipya sokoni: picha ya simu haitoshi, mpaka ukishike na uone wenzako nao wanakishika.

Bahati mbaya, albamu hiyo ilitoka wakati hakuna watu wa kukusanyika. Uganda ilifunga baa na kumbi zake Machi 2020 kwa sababu ya korona. Zilifunguliwa rasmi Januari 24, 2022, karibu miezi 22 baadaye. Watu wa Ulaya waliisifu Duma wakiwa wamejifungia na vipokea sauti masikioni, huku mtaa kama Kabalagala, unaoishi kwa usiku, ukiwa umezimwa. Faili ilivuka mipaka yote ya dunia, lakini watu walibaki walipo.

Ngoma zilizokwama kwenye viza

Mfano wa pili ni Nihiloxica, bendi ya Kampala inayounganisha wapiga ngoma wa Buganda na wanamuziki wawili kutoka Uingereza. Albamu yao ya kwanza, Kaloli, ilitoka mwaka 2020. Kaloli ni yule ndege mkubwa mwenye upara anayeonekana kwenye majalala ya Kampala. Ya pili, Source of Denial, ilitoka Septemba 2023. Hiyo ina uzito wa roki ya chuma, na mada yake ni kitu ambacho msomaji wa gazeti hili anakijua vizuri: fomu, foleni na kukataliwa. Ilitungwa baada ya matatizo ya viza kuvuruga ziara yao ya Uingereza mwaka 2022.

Wasikilizaji wa London waliweza kununua albamu kwa kubonyeza simu. Waliopiga ngoma hizo ndio waliozuiwa mlangoni.

Ndani ya kanda yetu hali ni nafuu zaidi. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Kijana wa Nairobi anaweza kupanda basi jioni na kuamka Kampala.

Vifaa vyake ndivyo vyenye maswali. Utaratibu rahisi wa forodha unaowasaidia wafanyabiashara wadogo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000. Gitaa la Japani haliingii humo, na mwenyewe haliuzi. Njia yake ni kuingiza kwa muda, utaratibu uliomo katika sheria ya forodha ya jumuiya ya mwaka 2004. Asiyeujua hujikuta akieleza kwa nini kifaa chake cha kazi si bidhaa.

Vizuizi vingine vinatoka nyumbani. Tamasha la Nyege Nyege, lililoanza mwaka 2015 Jinja, lilipigwa marufuku na waziri wa maadili mwaka 2018, kisha likaruhusiwa. Mwaka 2022 Bunge liliagiza lizuiwe, na serikali ikaliruhusu kwa masharti. Anayekodisha hema, kuuza chakula au kubeba abiria hadi Jinja anajua hasara ya kutangaziwa siku chache kabla kwamba shughuli huenda isiwepo.

Yapo pia malipo. Kila nchi ina chombo chake cha kukusanya mirabaha, na Uganda ina UPRS. Singeli ikipigwa baa ya Kampala, haki ya mtunzi wa Mburahati inategemea vyombo vya nchi mbili kuwa na makubaliano.

Mambo haya hayahitaji mkataba mpya. Uhuru wa watu na huduma tayari umo katika Itifaki ya mwaka 2010. Kinachokosekana ni kuwaona wanamuziki kama wafanyabiashara wengine wa mpakani, na mkusanyiko wa wasikilizaji kama soko. Busia na vituo vingine kuna maofisa wa taarifa za biashara wanaomweleza mama mwenye tenga la nyanya haki zake na karatasi anazohitaji. Hakuna sababu wasimweleze na mpiga gitaa.